Meno ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni soda. Shetani alimwachia mchungaji.

Nimemwona kwenye harusi nyingi pale Voi. Amekaa meza ya wageni wa heshima, ameletewa soda ya machungwa iliyokwisha kufunguliwa, naye anaisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele ya mtu wa pili, kama mtu anayeondoa mdudu mezani. Kisha mahubiri yanaanza. Anauliza meza nzima kama wanajua soda ikimwagwa chooni inafanya nini. Watu wana sahani za pilau mbele yao. Anawaeleza hata hivyo. Akishamaliza kutuokoa, anatia mkono kwenye mfuko wa shati, anatoa ndimu, anaikata vipande viwili kwa kijisu chake, anainyunyizia chumvi na kuifyonza taratibu mpaka linabaki ganda. Wakati wote huo anatutazama kwa huruma, sisi tunaojiharibu.

Nilimjua karibu miaka ishirini. Kwanza alikuwa jirani yangu mtaani Mwakingali, ukuta kwa ukuta, kisha nikaingia kwaya yake nikiimba sauti ya alto. Mimi ni fundi wa nguo. Majoho ya kwaya ile nimeyashona mara tatu, na mara zote tatu alinirudishia la kwake akisema bega la kushoto linaimba peke yake. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho, na nadhani lilikaa humo likipumzika, kwa sababu sisi sote, mkewe pia, tulimwita Mwalimu.

Kwa imani yake, koo la binadamu ni mlango wenye kutu, na dawa ya kutu ni ndimu. Kila Jumamosi mchana, kabla ya mazoezi, tulipanga foleni mbele ya ungo wa ndimu alizoletewa kutoka Taveta na mama mmoja muuza ndizi. Kila mtu nusu ndimu na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

"Usimeze haraka," alitwambia. "Iache ikae mdomoni. Izungushe."

Tulizungusha. Mtu akipita dirishani angedhani tumetoka kupokea habari za msiba, kumbe tunajiandaa kuimba juu ya furaha ya mbinguni. Na jambo lililotuponza ni kwamba tuliimba vizuri. Tungeimba vibaya, tungeacha ndimu mapema. Lakini tulikuwa tukialikwa huku na huku, mpaka Makwasinyi kule chini ya mlima Kasigau, na kila tulikosifiwa Mwalimu aliinua ganda la ndimu juu kama padri anayeinua kikombe.

Meno yakitiwa ganzi, alisema hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Imani yake ya pili ilihusu tabasamu. "Kwaya huonekana kabla haijasikika," ndiyo kauli yake ya kila wiki. Nyingine ilikuwa, "Sauti bila meno ni redio." Alitaka tuimbe midomo wazi, meno nje, na meno yenyewe yawe meupe. Wiki moja kabla ya mashindano alitukagua mstari kwa mstari, mikono nyuma, kama vile bado yuko gwarideni shuleni na sisi ni darasa la nne. Aliyeonekana na doa alipewa kichupa cha mkaa uliosagwa na maagizo ya kuuchanganya na maji ya ndimu, asubuhi na jioni, asugue mpaka asikie mkwaruzo.

Yeye mwenyewe hakuhitaji kuambiwa asugue. Kila alipofyonza ndimu alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji nyuma ya nyumba na kupiga mswaki, hapo hapo, uchachu haujaisha mdomoni. Mara nne au tano kwa siku. Mswaki wake ulikuwa wa brashi ngumu kuliko zote. Mwenye duka alikiri kwamba aliuagiza kwa ajili ya Mwalimu na wale watu wawili watatu walioununua kusugulia viatu. Nikiwa kwenye cherehani yangu nilisikia kupitia ukutani kazi inavyoendelea. Siku moja mkewe alikuja kuazima mkasi, tukasikiliza pamoja.

"Hata sufuria zangu sizisugui hivyo," mkewe alisema.

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Mtu msafi unamwambia nini?"

Hakika. Mtu mvivu unaweza kumkemea, lakini mtu mwenye nidhamu anayejiumiza kwa bidii humpati popote. Mume wangu hupiga mswaki kama mtu anayempapasa paka, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno kidogo tu. Mwalimu alimtumia kama mfano mbaya kwenye kwaya, bila kumtaja jina, ila kila mtu alinigeukia mimi. Mume wangu ana meno yake yote, marefu kwa mafupi, mpaka leo.

Nisije nikamfanya Mwalimu aonekane mjinga tu. Tulikuwa na mwimbaji mmoja wa besi, Mwadime, kijana wa Marungu aliyekuwa fundi wa pikipiki pale stendi. Meno yake yalikuwa na mabaka ya rangi ya kahawia tangu yalipoota, kama ya wengi waliokulia huko. Mwalimu alimpanga mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya mtu mrefu, na kumpa kichupa cha mkaa kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Lakini mama yake Mwadime alipofariki, siku ya mazishi tembo walikuwa wamekaa barabarani na kila dereva aliyeulizwa alikuwa na sababu nzuri ya kubaki mjini. Mwalimu alikodi punda na mkokoteni, akazunguka njia ya mashambani, akafika Marungu na suruali imejaa miiba. Aliimba pale kaburini peke yake, kwa sababu sisi wengine tulifika wakati watu wanakunywa chai. Mtu huyo huyo. Angekuficha nyuma ya mtu mrefu kwa ajili ya mabaka, kisha akawazunguka tembo kwa ajili ya mama yako, na asione kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Meno yangu ndiyo yaliyovunja amani. Yalianza kuniuma nikinywa maji ya baridi, kisha hata hewa ya asubuhi. Nikijitazama kwenye kioo, ncha za meno ya mbele zilikuwa zinapitisha mwanga, na hapo katikati palikuwa pamegeuka manjano. Nilifanya alichofanya kila mtu mwenye akili katika kwaya ile. Nilisugua zaidi.

Maumivu yalipozidi nikaenda kwa daktari wa meno hapo mjini, binti mdogo wa Kikamba mwenye sauti ya chini. Aliniangalia meno moja moja.

"Mama, wewe ni fundi wa nguo?"

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Hili jino lina pengo dogo hapa kwa ncha. Unakata uzi nalo. Mkasi uko wapi?"

"Upo. Jino liko karibu."

Akaandika kitu. Kisha akaniuliza kama natumia ndimu, ukwaju, maembe mabichi, soda. Nikamwambia kwa fahari kwamba soda siigusi. Ndimu je? Nikamwambia kila Jumamosi kwaya, na nyumbani asubuhi kwenye maji ya moto, na baada ya hapo napiga mswaki papo hapo, mara tatu kwa siku au nne, kwa mkaa.

"Yaani nayatunza vizuri mno," nikamaliza.

"Ndiyo shida yenyewe," akasema.

Alinieleza polepole, akichora kwenye karatasi. Jino lina gamba gumu juu yake linaloitwa enameli, gumu kuliko mfupa. Uchachu huwa unalilainisha. Jino halijali huo uchachu umetoka kwenye chupa yenye matangazo au kwenye ndimu aliyoiumba Mungu, au kwenye kiungulia kinachopanda kutoka tumboni. Ukiliacha, mate yanalirudishia ugumu wake taratibu. Ukija na mswaki mgumu na mkaa wakati bado laini, unaliparua. Na hayo manjano ninayoyasugua si uchafu, ni sehemu ya ndani ya jino inayoonekana kwa sababu gamba limekwisha.

"Na likiisha linaota tena?"

"Kucha huota, nywele huota. Hili likiisha limeisha."

Akanipa masharti. Ndimu iwe ya kwenye chakula, si ya kufyonza. Nikishakula kitu kichachu nisukutue kwa maji tu, ningoje nusu saa, na bora saa nzima, ndipo nipige mswaki. Mswaki uwe laini, dawa ya meno iwe yenye floridi, nikimaliza niteme bila kusukutua sana. Mkaa nipikie. Uzi nikate kwa mkasi.

Nilikaa kwenye kile kiti nikihesabu Jumamosi za miaka yote ile. Halafu nikamuuliza kuhusu rafiki yangu mwenye mabaka ya kahawia.

"Anatoka wapi?"

"Marungu."

"Walikuwa wanakunywa maji ya kisima akiwa mtoto?"

"Yapo mengine?"

Akatikisa kichwa. Maji ya visima vingine yana floridi nyingi kupita kiasi, akasema, na mtoto akiyanywa wakati meno yanaumbika chini ya ufizi, yanatoka na rangi hiyo. Si uchafu. Mkaa hautoi. "Mwambie aache kusugua. Atabaki na mabaka na maumivu."

Nilimpelekea Mwalimu habari hizi kwake nyumbani, kwa heshima zote, nimekaa kwenye kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika ndimu mkononi.

"Huyo daktari," akaniuliza, "anaimba sauti gani?"

"Sikumuuliza, Mwalimu."

"Basi."

Na hivyo ndivyo taaluma nzima ya meno ilivyoshindwa kesi Mwakingali. Nilipomwuliza kuhusu meno yake mwenyewe, ambayo kufikia wakati huo yalikuwa yamekuwa mafupi kama ya mtoto anayeota ya kwanza, alisema yake ni tofauti kwa sababu yamezoea.

Mwadime naye nilimpa ujumbe wake, na hakuwa mtu wa kigoda. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya ungo na hakuchukua ndimu.

"Mwalimu, miezi minane nimesugua na mkaa," alisema. "Sasa siwezi kutafuna mahindi upande huu. Daktari anasema si uchafu. Ni maji ya kwetu."

Mwalimu alimtazama mdomoni, safari hii kama mtu anayesoma, si kama mkaguzi. Nilitegemea amuulize naye daktari anaimba sauti gani.

"Simama mbele," akamwambia.

"Mbele wapi?"

"Mstari wa kwanza. Katikati."

Mwadime akaenda akasimama katikati. Mwalimu hakusema pole, neno hilo sidhani alikuwa nalo. Ila tangu siku ile ungo wa ndimu haukuonekana tena ukumbini, na vichupa vya mkaa vikatoweka. Sisi alituachilia. Yeye aliendelea. Kupitia ukutani niliendelea kumsikia akiparua, na mkewe akaniambia sasa anakunywa na dawa ya kiungulia kila jioni, maana tumbo nalo lilikuwa limechoka na ndimu za asubuhi. Alikuwa tayari kuamini kwamba alitukosea sisi. Kwamba alijikosea mwenyewe, hilo lilikuwa gumu zaidi.

Kisha yakaja mashindano ya kwaya Wundanyi. Wimbo wetu aliutunga yeye, na sehemu ya kwanza ilikuwa ya mtu mmoja, yaani yeye. Kwa bahati yake nzuri, mstari wa kufungulia ulikuwa huu: "Sasa saa ya msamaha imeshafika, simameni msikie." Siku tatu kabla ya safari aliuma muhogo wa kuchoma, na meno mawili ya mbele, yaliyokuwa yamebaki membamba kama ukingo wa kijiko, yakavunjika. Si mfupa wa mbuzi, si jiwe. Muhogo.

Hakumwambia mtu. Tulijua tulipomsikia kwenye kipaza sauti.

Kila herufi ya *s* ilitoka kama birika linalochemka. Mstari wa kwanza peke yake ulikuwa na za kutosha kuchemshia chai ya ukumbi mzima. Kwaya iliyokaa upande wa kulia ikaanza kucheka, kwanza kwa mabega, kisha waziwazi. Ningesema mimi sikutaka kucheka, lakini nilitaka, na nimejilaumu kwa hilo zaidi ya mambo mengine niliyoyafanya kweli. Tulidhani atatuashiria tuingie mapema, tumfunike. Hakufanya hivyo. Aliimba beti zake tatu mpaka mwisho, kila neno mahali pake, akiwaangalia wanaocheka usoni mmoja mmoja. Pale tulipoingia, Mwadime katikati ya mstari wa mbele alifungua mdomo na mabaka yake yote na kuimba kwa nguvu ambayo sijawahi kumsikia nayo tena. Tulikuwa wa tano kati ya kwaya sita. Ya sita walikuwa wamechelewa.

Tangu Wundanyi Mwalimu hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba mgongo unamsumbua. Jirani wa ukuta kwa ukuta hadanganyiki kirahisi kuhusu mgongo wa mtu, nilimwona akibeba ndoo. Mdomo ndio aliokuwa ameufunga. Aliitikia salamu kwa kuinua mkono. Kwenye harusi hakuonekana, na wapenda soda wa Voi walikunywa kwa amani, ingawa nakiri haikuwa na ladha ile ile bila kuhukumiwa. Ndimu aliziacha mwenyewe, kwa sababu sasa hata uji ulipaswa kuwa vuguvugu ndipo upite. Nilipita kwake mara mbili kumsihi aende kwa yule binti.

"Ataniuliza nani amenifanyia hivi," alinijibu akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, "na mimi sitaki kumtaja."

Mara ya pili mkewe alinitolea ishara niache. Nikaacha. Ukuta ukawa kimya karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimelalamikia kelele zile za kuparua kwa miaka mingi, na sasa nilijikuta nasimamisha cherehani ili nizitafute.

Mwezi uliopita nilimpelekea koti lake nililokuwa nimelipunguza mikono. Alikuwa amekaa barazani, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, mbele yake kikombe cha chai. Nilimpa koti. Alilivaa, akazungusha bega la kushoto, akasubiri, kisha akasema liko sawa. Hapo ndipo nilipoona kwamba amesema bila kuziba mdomo.

Meno ya mbele yalikuwepo. Si meupe kama alivyokuwa akituamuru sisi, yalikuwa na rangi ya kawaida ya meno ya mtu mzima, lakini yalikuwa marefu, na midomo ilikuwa imeshika umbo lake la zamani.

"Umekwenda," nikasema.

"Nimepelekwa. Mwadime alikuja na pikipiki akaniambia panda. Nikadhani kuna msiba." Akanywa chai kidogo, akaishikilia mdomoni kwanza, akaimeza. "Tumekwenda mara tatu. Yule binti ameyajenga juu ya vile vipande vilivyobaki. Ananiambia haya si ya kudumu milele, niyatunze. Ya nyuma yanabaki yalivyo."

"Alikuuliza?"

"Nani amenifanyia? Hakuuliza." Alitazama kikombe chake. "Nilikuwa nimeshatayarisha jibu, na hakuuliza. Alinipa mswaki laini. Ukiushika ni kama unajifuta kwa unyoya wa kuku."

Alitazama barabarani, akatazama ndani kuona kama mkewe yuko karibu, kisha akaniambia nisikilize kitu. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mgongo uliodaiwa kumsumbua, akaanza kuimba kwa sauti ndogo ubeti wa tenzi ya zamani, ile tunayoimba watu wakipeana amani, yenye *s* karibu kila neno. Hakuna iliyopiga mluzi. Lakini sauti yenyewe ilikuwa imechoka. Ilitetemeka kwenye noti za juu, na pale palipohitaji pumzi ndefu ilikatika, akaiokota na kuendelea.

Alipomaliza hakunitazama.

"Eeh?" akasema.

Nilikuwa na majibu mengi. Mtu aliyenirudishia majoho matatu, aliyenitia ndimu mdomoni Jumamosi za miaka mingi, nilikuwa nimemwekea maneno ya kutosha kabatini. Nikayatafuta, na kwa mara ya kwanza sikuyataka.

"Sauti imechoka, Mwalimu," nilimwambia. "Lakini maneno yote nimeyasikia."

Akaupitisha ulimi nyuma ya meno mapya kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akasogea kwenye benchi kunipa nafasi.

"Kaa basi," akasema. "Nipe alto."

Nikakaa, nikampa alto.